Mnazi Usiozaa Nazi

Sisi ni kikundi kidogo cha maombi, akina mama saba, wazaliwa wa Pangani, Newala, Moshi, Mombasa na Bukavu, ambao ndoa na kazi vilituleta katika mji mmoja ulio mwendo wa saa moja kwa treni kutoka London. Mara nyingi katika kurasa hizi tumesoma habari za malezi na mapishi, nazo zimetusaidia. Safari hii tunaomba nafasi tuwaandikie habari za mti.

Wale tuliokulia pwani hatukuwahi kuufikiria mnazi. Ulikuwapo tu, kama bahari. Kuti la kuezekea, chelewa za ufagio, makumbi ya kusokotea kamba, tui la wali wa Jumapili, vyote vilitoka pale pale nyuma ya nyumba. Huku ugenini ndipo tulipoanza kuuona, kwa sababu haupo. Mnazi hupenda joto la karibu nyuzi 27 mwaka mzima, na jalidi ya usiku mmoja yatosha kuua mche wake. Mtende nao, ule wa tende, hata ukivumilia miaka kadhaa kwenye pembe yenye kinga, jua la Uingereza halitoshi kuivisha matunda yake.

Jambo lililotugusa zaidi lilikuwa Jumapili ya Matawi. Mnajua jinsi ilivyo kwetu: watoto wanaamka alfajiri, kila mmoja na kuti lake, na njia nzima ya kwenda kanisani inakuwa kijani. Kati ya wainjili wote wanne ni Yohana peke yake anayetaja kwamba matawi yale yalikuwa ya mitende, nasi huko nyumbani hatukuhitaji kufafanuliwa. Waingereza wa zamani, kwa kukosa mitende, walitumia matawi ya miti mingine, hasa mti mmoja wa kando ya mito ambao huchanua vichwa laini kama manyoya ya paka wakati wa Kwaresima, hata wakauita mti huo kwa jina la mtende. Warusi wanafanya vivyo hivyo hadi leo. Hatuwalaumu. Bwana hakuuliza jina la mti.

Siku hizi makanisa mengi ya huku hugawa misalaba midogo iliyokunjwa kwa jani kavu, inayoenea kiganjani. Mwenzetu wa Newala alipogeuza wa kwake akacheka kwa sauti katikati ya ibada, nasi tukamkonyeza anyamaze. Tulipotoka nje akatueleza kwamba misalaba hiyo, mingi yake, hukunjwa na wanavijiji wa upande wa Masasi, kwao, tangu miaka ya 1960, ikasafirishwa kwa maboksi hadi Uingereza na Marekani. Yaani tumevuka bahari kuja kupokea jani la jirani zetu.

Sasa tuje kwenye mti wenyewe. Upo mmea wa jamii ya mnazi ambao hauogopi theluji. Jina lake la kitaalamu ni Trachycarpus fortunei. Waingereza huuita kwa jina la kisiwa cha Chusan cha huko China, na watoto wetu wameuita mnazi wa baridi. Robert Fortune, Mskoti yule aliyekuwa akitafuta mimea China na aliyechukua miche ya chai kuipeleka India, ndiye aliyeipeleka bustani ya Kew mwaka 1849, na mmoja ukapandwa Osborne, nyumba ya Malkia Victoria katika kisiwa cha Wight. Jani lake si refu kama kuti. Limefunguka kama kipepeo cha kupepelea moto. Shina limevikwa nyuzi za kahawia kuanzia chini hadi juu. Mama wa Pangani alipolishika mara ya kwanza alisema, "Hiki ni kilifu!" Na kweli ni kama kilifu cha mnazi, ila ni kingi na kizito zaidi. Wachina waliunda makoti ya mvua kwa nyuzi hizo, na Wajapani hadi leo hutengeneza fagio nazo. Mti mzima uliokwisha kushika ardhi huweza kuvumilia baridi ya nyuzi 10 na hata 15 chini ya sifuri.

Tunaandika haya kwa sababu ya mti mmoja, wa dada yetu mmoja katika kikundi. Yeye na marehemu mumewe waliupanda mwaka 2009, uani mwa nyumba ya kupanga, ukiwa kimo cha goti. Shemeji yetu alikuwa mtu wa vipimo. Kila Pasaka alimwita mwanawe wa kwanza, wakati huo mtoto wa miaka mitano, wakaupima mti kwa tepu ya fundi, na mtoto akaandika namba katika daftari la shule. Mwaka 2010 ulikuja Desemba wa baridi kuliko Desemba zote za miaka mia moja katika nchi hii. Uani kwa majirani kulikuwa na mimea iliyouzwa kwa jina la mtende lakini si mtende. Ni mmea wa New Zealand, wenye majani kama panga, unaopandwa sana pwani ya kusini. Mingi ilioza hadi chini baridi ile. Mnazi wa baridi ulisimama na theluji kichwani. Pasaka ya 2011 mtoto aliandika namba yake kama kawaida.

Shemeji alifariki mwaka 2015. Hatutaeleza mengi, wasomaji wengi mnaijua nyumba ya namna hiyo. Jambo moja tulitaje. Yule kijana, ambaye tangu siku ya mazishi alikuwa hamtaji baba yake, wala hataki atajwe mbele yake, aliendelea kupima mti. Hakuna aliyemwagiza. Mama yake alimwona dirishani Jumatatu ya Pasaka, yuko peke yake na tepu, amepanda juu ya ndoo.

Mwaka 2017 mwenye nyumba aliuza nyumba, na mnunuzi akasema ua ataujaza zege apate kuegesha magari. Dada yetu alipata nyumba nyingine upande wa pili wa mji. Ndugu zake walimwambia kwa simu mti ni mti, anunue mwingine. Mche mdogo ni bei ya viatu vya mtoto, walisema kweli. Yeye akatujia Alhamisi baada ya maombi akauliza: unahamishika?

Unahamishika, na hapa tuwaeleze vizuri. Mwembe au mparachichi ukishakuwa mkubwa huwezi kuung'oa, kwa kuwa mizizi yake minene imekwenda mbali. Jamii ya mnazi haina mzizi mkuu. Ina mizizi mingi membamba, yote ikitoka chini ya shina kama nywele, na mipya huchipuka hapo hapo. Ukichimba bonge la udongo la upana wa hatua moja, ukalifunga gunia, mti unaweza kuanza upya. Lakini ni lazima udongo uwe na joto. Ukiuhamisha mwezi wa kumi kama wanavyohamisha miti mingine huku, mizizi iliyokatwa inakaa kwenye tope baridi hadi inaoza. Tulichagua mwisho wa Mei. Waume zetu walichimba Jumamosi kutwa, watu sita wakaunyanyua kwa turubai, na mti ukaenda umelala kwenye gari la mizigo la kuazima, miguu ikitangulia. Huko tulikuwa tumeandaa shimo kando ya ukuta unaotazama kusini, tukachanganya changarawe ili maji yasituame. Usizike shina kuliko lilivyokuwa, na usiweke mbolea mwaka wa kwanza. Mgonjwa halishwi pilau.

Majira ya kiangazi yakapita salama, jani moja jipya tu. Ndipo ilipofika Februari 2018 na ule upepo wa mashariki uliotoka Siberia, ambao magazeti ya hapa yaliuita Mnyama. Theluji ilianguka, mabomba yakaganda, shule zikafungwa. Tulikuwa tumelaza majani makavu kimo cha goti kuzunguka shina na kufunga majani ya juu pamoja kwa kitambaa. Kitambaa, si plastiki. Tunasisitiza hili kwa sababu tumeona watu wengi wakiufunga mti kwa mfuko wa plastiki kuanzia Novemba hadi Machi wakidhani wanaupenda. Ndani ya mfuko unyevu hautoki, na kuvu hufanya kazi ambayo baridi ilishindwa. Baridi kavu na mnazi huu vinaweza kuishi pamoja. Maji yaliyoganda ndani ya kilele ndiyo yanayoua.

Na kilele ndicho kilichoguswa. Akina mama wa pwani mnajua kwamba mnazi una moyo mmoja tu. Hauna matumba ubavuni kama mwembe. Ukikata kilele, umekata mti, ndiyo maana kilele huliwa siku mnazi ulipoanguka. Mwezi wa Aprili, tulipofungua kitambaa, lile jani changa la katikati, lililosimama kama mkuki, lilikuwa limegeuka rangi. Kijana alilivuta kidogo, likatoka lote mkononi mwake, chini limeoza na linanuka. Alikuwa na miaka kumi na minne. Alilishika, akamtazama mama yake, akaingia ndani akafunga mlango.

Siku hiyo Pasaka ilikuwa imepita wiki mbili na hakuwa amepima.

Mkuki ukitoka mti unaweza kuwa haujafa bado, mradi kilele chenyewe, kilicho ndani zaidi, hakijafikiwa. Tulichofanya ni hiki. Tulikausha tundu lile kwa pamba tukatoa uozo wote uliofikika. Kisha tukamimina haidrojeni peroksaidi ya dukani, ile ile ya kusafishia vidonda, ikatoa povu. Tukarudia baada ya siku chache hadi povu likapungua. Mvua iliponyesha tulifunika juu kwa sufuria kuukuu iliyoinuliwa kwa mawe ukutani, hewa ipite. Baada ya hapo hakuna dawa nyingine ila kungoja joto. Tuliomba pia, na hatuoni haya kusema tuliuombea mti. Mmoja wetu aliuliza kama yafaa. Bibi wa Bukavu, mkubwa wetu, akajibu kwamba Debora aliamua kesi za Israeli chini ya mtende, na kule Elimu Bwana aliwapumzisha watu wake penye mitende sabini, basi mmoja hauwezi kumchosha. Kisha akaendelea kuomba, lakini tulisikia kwamba jina alilolitaja zaidi lilikuwa la kijana.

Mei ikapita. Juni nayo, kiangazi cha joto kali mwaka ule hata nyasi za bustani zikawa kahawia. Dada yetu alikuwa akiumwagilia kwa maji ya kuoshea mboga. Katikati ya Julai alitupigia simu saa kumi na mbili asubuhi, tukadhani kuna msiba. Katika tundu palikuwa na kitu cha kijani, kikiwa kimekatwa katwa ncha kama kilichotafunwa na mbuzi. Hivyo ndivyo jani la kwanza linavyotoka baada ya kuoza, limeharibika umbo. La pili lilikuja nusu zima. La tatu lilikuwa jani.

Msomaji wa Njombe, Lushoto au Limuru atauliza kama haya yanamhusu. Yanamhusu kidogo. Kwenu jalidi ni ya usiku michache, na mkindu wenu wa asili, ule wa kusukia mikeka, humea kando ya mito hata nyanda za juu. Hauna haja ya kuagizwa kutoka China. Tungeanza na huo. Tena mahali pengine mnazi wa baridi umekuwa kero: kusini mwa Uswisi ndege wamesambaza mbegu zake misituni, na tangu Septemba 2024 serikali ya huko imekataza kuuzwa kwake.

Wetu hausambazi kitu. Mmea huu huwa na dume na jike mbalimbali, na ulipochanua mwaka 2022, vichala vya njano kama mayai ya samaki, tuligundua ni dume. Watoto walisikitika kidogo. Siku ya Jumapili ya Matawi dada yetu hukata majani ya chini tu, yale yaliyokwisha kuinama, si zaidi ya matano, nasi tunagawana: familia mbili jani moja. Mabua yake yana meno madogo, kwa hiyo tunayafunga utepe kabla ya kuwapa wadogo.

Kijana sasa anafanya kazi Leeds. Jumatatu ya Pasaka dada yake mdogo huchukua tepu na ngazi, humsomea namba kwenye simu, naye huko aliko huiandika, maana daftari alikwenda nalo.