Lami ilikuwa bado rangi ya kahawa

Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa mliohamishwa mnaonisoma kwa simu, leo sileti habari ya mtu mwingine. Naleta kosa langu.

Mwaka uliopita, mwishoni mwa kiangazi, barabara ya udongo inayoingia mtaa mmoja hapa Kolwezi ilianza kupakwa lami nyembamba. Wakaaji wengi wa mtaa huo walikuja pale baada ya kutolewa sehemu ambako machimbo yalifika mpaka mlangoni. Kamioni ikipita, vumbi linaingia katika sahani. Na vumbi letu si la mchezo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima Kasulo, wakatoa matokeo mwaka 2018: kobalti ilikuwa nyingi katika vumbi la nyumba na katika mkojo wa wakaaji, hasa watoto. Kwa hiyo lami hatukuiomba kwa ajili ya urembo.

Siku ile nilifika saa nne asubuhi. Barabara ilikuwa imefungwa kwa mapipa. Chini palikuwa na kitu cha rangi ya kahawa ya maziwa, juu yake changarawe. Watu walikuwa na hasira. Mama mmoja anayeuza vitumbula aliniambia: “Mwanangu, tangu jana siuzi kitu. Sema kwa radio.”

Nikasema. Katika habari za saa sita nilitangaza kwamba kazi imekwisha na barabara imefungwa bila sababu. Kapita wa kazi sikumuuliza hata neno moja. Muda si mrefu vijana waliondoa mapipa, pikipiki na kamioni zikapita. Jioni mvua ya kwanza ikanyesha. Kesho yake changarawe ilikuwa mtaroni, na udongo ulikuwa wazi kama zamani.

Nilikwenda kwa kapita kuomba radhi. Hakunigombeza. Alichukua chupa yenye maji yale ya kahawa, akanifundisha.

Lami ya kawaida, akasema, inachemshwa kupita digrii 150 ndipo imwagwe. Hii ni emulsioni. Kiwandani lami inasagwa kuwa matone madogo sana ndani ya maji, pamoja na dawa kidogo mfano wa sabuni inayozuia matone yasishikamane. Katika sehemu 100, sehemu 60 hadi 70 ni lami, karibu zote zinazobaki ni maji. Ndiyo maana inamwagwa bila moto mkali, na haiwachomi wafanyakazi kama ile nyingine. Ikigusa jiwe, matone yanaungana, maji yanatoka, na rangi inageuka nyeusi. Wenye kazi wanasema “imevunjika”, na kuvunjika huko ndiko kufaulu kwake. Kabla ya hapo, gurudumu linang’oa na mvua inaosha.

“Ungeniuliza, bwana mwandishi, ningekuambia: saa tatu tu zaidi.”

Saa tatu! Sisi tulipata matope ya majira mazima ya mvua.

Nilimuuliza kama angeweza kujua mapema kwamba lami hiyo itashika. Akanieleza vipimo. Mawe hayafanani: matone yana umeme kidogo, na jiwe nalo lina wake, hivyo emulsioni inayoshika jiwe la hapa inaweza kukataa la kwingine. Jiwe lenye vumbi linashika vumbi lake tu. Basi katika maabara wanapaka lami juu ya bamba la chuma, wanapanga vijiwe 100, wanaligeuza juu chini, kisha wanaangusha tufe la chuma la nusu kilo hivi mgongoni pake mara tatu. Vijiwe vilivyoanguka vinahesabiwa. Kipimo hicho kinaitwa Vialit.

Baadaye nilisoma kwamba majirani zetu Watanzania walikwenda mbali zaidi. Kati ya Bago na Talawanda, wilaya ya Bagamoyo, barabara moja ya vijijini iligawanywa vipande, kila kipande na uso wake, halafu wakafuatilia kipi kinavumilia mvua na magari. Nasi tuna mawe yetu, mvua yetu, na kamioni nzito kuliko za kijijini. Yanastahili kupimwa hapa hapa, na matokeo kusomwa kwa radio katika lugha ambayo mama wa vitumbula anaielewa.

Kipande kile kilirudiwa mvua zilipoisha. Safari hii nilikaa pale tangu asubuhi na yule mama, juu ya benchi lake, tukiangalia kahawa ikigeuka nyeusi. Kapita alipotoa pipa la kwanza, ndipo nilipopiga simu studio. Mama alisema: “Sasa unatangaza vizuri.”

Basi, ndugu zangu, mkikuta barabara imefungwa na lami bado ni rangi ya kahawa, subirini. Ikiwa imegeuka nyeusi, mmemuuliza kapita, hana jibu, na mapipa bado yapo, hapo niiteni. Nitakuja.