Safari Yetu ya Bagamoyo na Unguja

Wengi wenu mmetuuliza, "Mliendea nini pwani, hali mashamba yalikuwa yakingoja jembe?" Swali hili ni la haki, nasi tumeona yafaa tulijibu kwa maandishi, ili jibu liwe moja kwa wote.

Asili ya safari yetu ni neno la aibu. Kijana mmoja wa mtaa wetu alitaka kuoa. Posa ilipelekwa, ikapokewa vizuri, hata siku ya kupatana mahari ikawekwa. Ndipo mzee mmoja wa ukoo wa kijana aliposimama barazani akasema, "Nyumba ile hatuioi. Mama wa bibi yake huyo binti alinunuliwa kwa majembe. Hatuchanganyi damu na watu wa kununuliwa." Watu wote wakanyamaza. Na sisi, tuliomfundisha binti yule katekisimu tangu utoto wake, tulinyamaza pia. Twaliungama jambo hilo hapa mbele yenu. Mazungumzo ya mahari yakasimama, na binti akaacha kuja kuimba pamoja na wenzake.

Baada ya majuma machache walimu wawili wa shule walitujia na shauri. Walisema, "Twende tukaone mahali biashara ile ya watu ilipoishia, na mzee huyu afuatane nasi." Tulidhani atakataa. Lakini alikubali upesi, kwa kuwa katika umri wake wote hakuwa ameiona bahari. Basi tukawa wanne.

Tulipanda basi Biharamulo alfajiri, tukapita Nyakanazi, Ushirombo na Kahama, kisha tukashika njia ya Singida, Dodoma na Morogoro, tukafika Dar es Salaam siku ya pili. Safari ndefu hufungua vinywa, na mwalimu mmoja alitumia nafasi hiyo kutueleza habari za nchi yetu wenyewe ambazo wengi hatukuzijua.

Alisema kwamba Waingereza wawili, Speke na Grant, waliondoka Bagamoyo mwezi wa Oktoba 1860, wasifike nchi ya Wasubi, ambayo wao waliiita Usui, ila mwishoni mwa mwaka 1861. Safari tuliyoimaliza sisi kwa siku mbili, wao waliifanya kwa mwaka mzima. Huku kwetu walizuiliwa na mtawala Suwarora, aliyedai hongo ya nguo, waya na shanga kabla ya kuwapa njia. Lakini wageni hao hawakuifungua njia hiyo. Watu wa pwani walikuwa wakiipita tangu zamani kwenda Karagwe, na kule Kafuro walikuwa na kituo chao cha biashara. Walikuja na nguo na shanga, wakarudi na pembe za ndovu, na watu pia.

Mwalimu akaendelea kutueleza habari za mtu mmoja katika msafara wa Speke, jina lake Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa katika nchi ya Wayao. Akiwa bado mtoto alikamatwa, akapelekwa Kilwa, akauzwa, akavushwa bahari mpaka Bara Hindi, na huko akakaa miaka mingi. Bwana wake alipokufa alipata uhuru wake, akarudi Unguja. Jina la Bombay alilitoa katika mji ule wa Bara Hindi. Mtu huyu alifuatana na Burton na Speke mwaka 1857, akaja na Speke mara ya pili, akamwongoza Stanley mwaka 1871, tena akavuka bara zima pamoja na Cameron. Alikufa mwaka 1885. Basi mtu aliyeuzwa utotoni, akavuka bahari mara mbili, alipita katika vilima vyetu akiwa mtu huru, akisema kwa niaba ya msafara mzima. Mzee alisikiliza habari hizi, asiseme neno.

Bagamoyo ni yapata kilometa 70 kutoka Dar es Salaam, upande wa kaskazini. Tulikwenda kwanza misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868. Tulilakiwa kwa "Tumsifu Yesu Kristo", tukapewa maji ya kunywa, kisha kijana mmoja akatutembeza. Alituonyesha mbuyu mkubwa uliopandwa wakati wa kuanzishwa kwa misioni. Shinani mwake hutokeza kipande cha mnyororo, na sehemu iliyobaki imemezwa na mti.

Mzee aliugusa akasema kwa huzuni, "Hapa ndipo walipofungwa watu." Kijana akatabasamu kwa adabu akasema, "Hapana, babu. Wageni wengi hudhani hivyo. Mnyororo huu uliachwa na bibi mmoja Mfaransa karibu na mwaka 1895. Alikuwa akifungia punda wake." Mzee aliondoa mkono wake kama aliyeunguzwa. Nasi tulipata fundisho ambalo lilitufaa safari yote, kwamba si kila mnyororo uonekanao ni wa watumwa, na utumwa mwingine haukuwa na mnyororo wa kuonekana.

Katika misioni ile wapo wengi waliolala udongoni ambao zamani walikuwa watumwa. Mapadre walinunua watoto ili kuwapa uhuru, wakawalea, wakawafundisha kusoma na kazi za mikono, na walipokua wakawaoza, wakawapa nyumba na mashamba katika kijiji cha watu huru. Hiyo ilikuwa kazi ya huruma. Lakini si vema kuficha upande wa pili. Watoto wale hawakuulizwa watakwenda wapi. Walilima mashamba ya misioni chini ya amri kali, na wako waliotoroka.

Tuliuona pia mnara wa kanisa la kwanza, ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa usiku wa tarehe 24 Februari 1874. Livingstone alikufa mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kimo nchini Zambia. Chuma, Susi na wenzao waliuchukua mwili wake kwa miguu kwa muda wa miezi tisa mpaka hapo pwani. Huyo Chuma alikuwa amenyang'anywa mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa mwaka 1861, akiwa mtoto.

Jina la Bagamoyo hufasiriwa kwa njia mbili. Wengine husema ni neno la wapagazi: "Bwaga moyo", yaani tua mzigo upumzike, umefika. Wengine husema ni kilio cha mtumwa aliyeona bahari, akauacha moyo wake ufukoni kwa kuwa hatarudi kwao tena. Tulimwuliza kijana wetu lipi ni kweli. Alijibu kwamba wapagazi wa njia ile, na hasa Wanyamwezi, wengi wao walikuwa watu huru wenye kulipwa ujira, na mali kuu ya Bagamoyo ilikuwa pembe za ndovu. Watumwa walipita hapo pia, lakini wengi zaidi waliovushwa kwenda Unguja walipakiwa Kilwa. Basi katika njia moja walitembea aliyeitazamia bahari kwa furaha na aliyeiogopa kama kaburi.

Jioni tulishuka pwani. Mzee alivua viatu, akaingia majini mpaka magotini, akachota maji kwa kiganja akayaonja, akayatema. Kisha akauliza, "Na watu wa bara waliofika hapa, ni nani aliyewauza?" Mwalimu akajibu, "Mzee wangu, hakuna mnunuzi pasipo muuzaji. Yusufu alipopelekwa Misri, waliompeleka ni wageni, lakini waliopokea fedha ni ndugu zake." Mzee hakujibu. Tulirudi kulala, naye hakula chakula cha usiku.

Asubuhi tulirudi Dar es Salaam tukapanda meli kwenda Unguja, mwendo wa saa mbili hivi. Huko tulikwenda moja kwa moja Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko hayo, na mwaka huohuo, siku ya Noeli, jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Waanglikana likawekwa hapo. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Steere, yule mtaalamu mkubwa wa lugha yetu ya Kiswahili, naye amezikwa nyuma ya altare. Huelezwa kwamba altare yenyewe imesimama pale palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Ndani upo msalaba uliotengenezwa kwa mti wa kule Chitambo, ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake.

Karibu na hapo wageni huonyeshwa vyumba vya chini, vyembamba, visivyo na hewa, wakaambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo wakingoja kuuzwa. Wako wachunguzi wa historia wenye kusema kwamba vyumba hivyo vilijengwa baadaye, soko likiwa limekwisha kufungwa. Hatuoni kwamba jambo hilo lapunguza ukweli wa mateso. Waliouzwa hapo walikuwako hakika, na wengi sana. Baadhi yao walipelekwa mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, wengine Arabuni na Ajemi, wengine visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Hata leo wapo Bara Hindi watu waitwao Wasidi, ambao asili yao ni Afrika.

Nje ya kanisa pamechimbwa shimo, na ndani yake zimesimamishwa sanamu tano, wanaume na wanawake, wenye minyororo shingoni. Zilitengenezwa mwaka 1998 na Clara Sörnäs wa Sweden. Ukisimama ukingoni huwatazama kutoka juu, kama mnunuzi atazamavyo bidhaa, na huo ndio uchungu wa mahali pale. Watu wengine walipiga picha wakaenda zao. Mzee wetu alisimama muda mrefu mbele ya sanamu ya mwanamke. Akamwuliza mlinzi, "Hawa, majina yao nani?" Mlinzi akasema, "Hawana majina, mzee. Wanasimama badala ya wote."

Mzee akatugeukia akasema, "Yule bibi wa kwetu, mimi jina lake nalijua." Akalitaja. Sisi tulioishi jirani na wajukuu zake miaka yote hatukuwa tumelisikia hata siku moja. Tulizoea kusema "yule wa majembe". Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Majembe yale aliyapokea babu yangu. Ilikuwa wakati wa njaa. Mtoto yule alikuwa amekuja kwetu na watu wenye shida, akaachwa. Babu akamtoa akala. Nilipokuwa mdogo nilisikia wakubwa wakinong'ona. Nilipoisikia posa ile niliogopa kwamba siku ya harusi jambo hilo litasemwa. Nikatangulia kusema mimi, ili aibu iwakalie wao."

Kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Tulikuwa tumesafiri mpaka ng'ambo ya bahari kutafuta wauzaji wa watu, kumbe mmoja wa ukoo wao tulikaa naye kiti kimoja cha basi.

Usiku ule mwalimu alituhesabia miaka. Soko lilifungwa mwaka 1873. Katika Unguja sheria ya utumwa ilitanguliwa mwaka 1897. Huku bara Wadachi walitoa amri mwaka 1904 kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 ni watu huru. Na mwaka 1922, chini ya Waingereza, utumwa ukakomeshwa kwa sheria katika Tanganyika nzima. Basi bibi yule kwa sheria ya nchi alipata uhuru wake zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kwa ndimi zetu hakuupata mpaka alipokufa, na kitukuu chake angali akiungojea.

Tuliporudi, mzee hakupita kwake kwanza. Alikwenda na nazi tatu na mfuko wa chumvi ya pwani hadi nyumbani kwa binti, akaomba kuingia. Bibi wa binti, aliyekuwa mkongwe, alimwacha asimame mlangoni kitambo. Mzee akasema habari yote, bila kupunguza, akalitaja jina la yule marehemu mbele ya watoto wa nyumba ile. Bibi hakusema "nimesamehe". Alisema, "Kaa, ule." Akala.

Mahari bado inazungumzwa, nasi hatujui mwisho wake. Hilo ni la nyumba mbili zile. Lakini binti amerudi kuimba.

Ndugu wasomaji, baba na mama wa nyumba, nanyi walimu wenzetu, twawaomba jambo moja. Katika vijiji vyetu wamo watu waitwao mpaka leo kwa bei waliyonunuliwa wazee wao. Waulizeni wakongwe, kabla hawajaondoka, majina ya wale waliouzwa na waliotolewa, mkayaandike katika daftari la nyumba. Na kama mkono uliopokea bei ulikuwa wa babu yenu, andikeni na hilo pia. Sisi wa Nyabusozi tumeanza. Daftari letu lina jina moja, nalo si "yule wa majembe".