Jabali la Barafu

Wengi wenu mliniuliza nilikwenda wapi likizo ya Juni hata nikarudi na midomo iliyopasuka kwa baridi. Sikuwajibu vizuri. Sasa mwalimu wetu wa Kiswahili ameniagiza niandike, nami nitaeleza yote, hata lile ambalo sikumwambia mtu bwenini.

Mjomba wangu anakaa Halifax, mji ulio pwani ya mashariki ya Kanada. Kazi yake ni udereva wa malori. Kwa miaka mitatu aliweka akiba ili nimtembelee, na mwaka huu tiketi ikaja. Habari za ndege nitaziruka, maana nililala karibu njia nzima.

Nilipofika nilikuta Mjomba amekodi gari la ajabu. Kwa nje ni kama basi dogo, lakini ndani mna vitanda, jiko la gesi, meza, tangi la maji na choo. Watu wa kule husafiri nalo wakati wa likizo, wakalala humo humo bila kutafuta hoteli. Tulikuwa watano: Mjomba, mkewe, watoto wao wawili na mimi. Kitanda changu kilikuwa juu ya kiti cha dereva, na dari lilikuwa karibu mno hata kila asubuhi niliamka kwa kugonga kichwa. Jioni moja mkewe Mjomba alisonga ugali na kukaanga samaki, na wageni wa gari la jirani wakaja kuuliza ni chakula gani kinachonukia hivyo. Wakakaribishwa. Walikula ugali kwa uma.

Tulivuka usiku kwa meli kutoka North Sydney hadi Port aux Basques, muda wa saa saba hivi, gari letu likiwa tumboni mwa meli. Huko ni kisiwa cha Newfoundland, kilichojiunga na Kanada mwaka 1949. Saa za kule nusu yake imepotea: ikiwa kwao ni saa sita mchana mwezi wa Juni, kwetu ni saa kumi na moja na nusu jioni. Mjomba alikataa kabisa kuendesha usiku kwa kuwaogopa kulungu wakubwa kupita farasi, wasiojua kupisha gari. Wachache waliletwa kisiwani mwaka 1904, na sasa wamejaa misituni.

Tulikwenda zaidi ya kilomita 600, tukipita vijiji vya wavuvi. Nyumba ni za mbao, zimepakwa rangi nyekundu, nyeupe na njano, na vibanda vya samaki vimesimama majini juu ya nguzo. Nilipofungua mlango wa gari katika kijiji cha kwanza, pua yangu ilinirudisha kwetu Kilwa. Ilikuwa harufu ile ile ya chumvi, kamba mbichi na matumbo ya samaki. Tofauti ni baridi tu, ambayo ilinifanya nivae soksi mbili mbili mwezi wa Juni.

Twillingate ndipo nilipoona nilichokuwa nikikingoja. Tulipanda hadi mnara wa taa wa Long Point, uliojengwa mwaka 1876. Ukungu ulikuwa mzito; hatukuona hata bahari. Watoto walianza kulia wakitaka kurudi garini. Mara upepo ukafungua ukungu kama mtu avutaye pazia, na mbele yetu likasimama jabali la barafu, refu kupita msikiti wowote niliouona, jeupe, lenye mshipa wa rangi ya buluu. Hakuna aliyesema neno.

Majabali hayo huzaliwa Greenland, ambako barafu ya maelfu ya miaka huteremka hadi baharini ikamegeka. Mkondo wa maji baridi huyaleta kusini, na safari yao yaweza kuchukua miaka miwili au mitatu. Sehemu kama moja tu katika kumi huonekana; iliyobaki imo chini ya maji. Ni jabali la namna hiyo lililoigonga meli ya Titanic mwezi wa Aprili, 1912, katika bahari iliyo kusini ya kisiwa hicho, wakafa watu zaidi ya 1,500.

Kesho yake mzee mmoja, mvuvi wa zamani, alituchukua kwa mashua yake. Alikaa mbali na jabali, akisema laweza kupinduka bila kubisha hodi. Akaopoa kwa wavu kipande kilichokuwa kikielea, akakitia katika bilauri za maji. Kililia tiii, kwa sababu hewa iliyofungwa humo tangu zamani ilikuwa ikitoka. Mara jabali likapasuka kwa kishindo, nami nikapiga kelele, "Baruti!"

Mjomba akacheka. Mzee akauliza nimesema nini, na Mjomba akamweleza kwamba kwetu wako watu waliovua kwa baruti. Mzee hakucheka. Akasema wao hawakuhitaji baruti. Samaki wao mkuu huitwa kod (jina hilo kwetu lingewakimbiza watu, maana lafanana na kodi). Meli kubwa za nchi nyingi zilikuja na nyavu zao, na mwaka 1968 zilivuliwa tani zaidi ya 800,000 katika bahari ile. Tarehe 2 Julai, 1992, serikali ikapiga marufuku, kwa kuwa samaki walikuwa karibu kwisha. Watu kama 30,000 wakapoteza kazi. Katazo lilisemwa kuwa la miaka miwili. Liliondolewa mwaka 2024. "Tulidhani bahari haina mwisho," alisema mzee.

Kisha akanigeukia: "Na baba yako anavua kwa nini?"

Nikasema, "Kwa mshipi."

Ndugu zangu, nilisema uongo. Baba anavuta kokoro, wavu wenye macho madogo, uliokatazwa na sheria. Sanduku langu na viatu ninavyovaa hapa shuleni vilinunuliwa kwa kokoro hilo. Mjomba alijua; aliangalia maji, akanyamaza.

Nilirudi nyumbani siku nne kabla ya shule kufunguliwa. Alfajiri nilishika kamba pamoja na Baba na wenzake. Wavu ulipofika mchangani ulijaa vitoto vya tasi na changu, vidogo kama kidole changu. Nikamwomba Baba radhi kwanza, kisha nikamweleza habari za mzee yule, na jibu nililompa. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mzee sasa anakula nini?" akauliza.

"Alivua kaa na kambakoche, Baba. Sasa huwachukua wageni kwenda kutazama barafu."

Baba akaitazama bahari yetu kwa muda.

"Sisi hatuna barafu," akasema. Akawaita wenzake, tukavuta tena.