Sauti ya Gurudumu

Leo nataka kuwasimulia aibu yangu mwenyewe, maana yaweza kumfaa mwenye motokaa, na hata asiye nayo.

Nina motokaa kuukuu, niliyoinunua kwa akiba ya miaka mingi ya ualimu. Kutoka Lubumbashi twaitumia kwenda Likasi, mwendo wa kilomita 120 hivi, kuwatazama wazazi wa mke wangu. Katika safari moja mke wangu, aliyeketi kando yangu upande wa kuume, aliniambia: «Baba, chini ya miguu yangu kuna kitu kinanguruma.» Nikamjibu ya kuwa ni lami mbovu. Akasema tena: «Tukikata kona ya kushoto chazidi, tukikata ya kuume karibu kinyamaze.» Nikacheka. Mtu asiyeshika usukani atanifundisha nini? Ndivyo nilivyowaza, nami naona haya kuyaandika.

Baada ya majuma mawili mimi pia nikausikia: mngurumo mzito, kama wa jiwe la kusagia. Nikaenda kwa fundi mmoja mjini. Hakuuliza neno, wala hakuinua gurudumu. Alisema tu ya kwamba mipira imekwisha. Nikanunua mipira miwili mipya ya mbele, kwa fedha tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya karo ya mtoto wetu mkubwa. Lakini nilipofika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mngurumo ukarudi ule ule.

Mke wangu hakunilaumu. Aliniambia: «Jirani yetu mzee alitengeneza malori maisha yake yote. Umwendee, ukamweleze yote.»

Mzee yule alinipokea kama mganga mwema ampokeavyo mgonjwa, yaani kwa maswali. «Mwalimu, gari likiwa limesimama, ukikanyaga mafuta, sauti yasikika?» Hapana, Mzee. Basi si injini. «Ukifunga breki, yakwaruza?» Hapana. Basi si vibao vya breki vilivyolika. «Ukikata kona kali polepole, yagonga ka-ka-ka?» Hapana. Basi si kiungo cha mtaimbo uzungushao gurudumu. «Ukitoka katika lami na kuingia njia ya udongo, yabadilika?» Kidogo sana. Basi si mipira. «Na ni katika kona ipi inazidi?»

Hapo nikakumbuka maneno ya mke wangu. Nikasema: «Ya kushoto.»

Mzee akatabasamu. «Gari likikata kushoto, uzito wake waelemea upande wa kuume. Gurudumu linaloumwa ni la kuume.»

Akaweka mawe nyuma ya magurudumu mengine, akainua la mbele kwa jeki, akatia kigogo imara chini ya gari, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa: likacheza. Akaniamuru nikanyage breki. Akatikisa tena, likatulia. Kwa hiyo alijua ya kuwa ubovu u katika beringi, wala si katika viungo vya usukani. Mwisho akalizungusha kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukishika springi, naye akasikia kwa vidole vyake mtetemo ndani ya chuma.

Alipoifungua beringi ile, grisi ilikuwa imeungua, goroli zimechimbika, na pete yake imegeuka rangi ya buluu kwa moto. Aliniambia pasipo kukaripia: «Mwalimu, ungeendelea hivi, ingeweza kukwama njiani, hata gurudumu likatoka.» Sikujibu neno. Niliwaza tu juu ya watoto wangu wanne waketio nyuma tuendapo Likasi. Beringi mpya ilinigharimu chini ya bei ya mpira mmoja.

Jioni, mbele ya watoto, nilimwambia mke wangu: «Mama, wewe ulisikia kwanza, nami nilikudharau. Unisamehe.» Mtoto wetu mkubwa alinitazama kwa mshangao, kwa kuwa hajazoea kumsikia baba yake akisema hivyo. Karo yake tulilipa kwa kuchelewa mwezi mmoja, nasi tulipunguza nyama mezani.

Ninyi wenye motokaa, sauti ngeni isikieni mapema, wala msiifunike kwa redio. Angalieni inaanza kwa mwendo gani, inazidi katika kona ipi, inabadilika kwa breki ama sivyo. Kisha mwelezeni fundi yote. Fundi asiyeuliza, msimkabidhi fedha zenu upesi. Na aketiye kando yenu akisema kwamba amesikia kitu, msicheke. Wahenga walisema kweli: mdharau mwiba, mguu huota tende.