Boileri ya Lita Ngapi kwa Nyumba Yako?



Mwezi wa sita na wa saba, hapa kwetu Katanga baridi ya asubuhi inauma sana. Ndio wakati watu wanakuja kuniuliza mambo ya boileri. Usishangae, mchungaji anaulizwa kila kitu. Baba mmoja wa kambi alitaka kununua ile ya lita 200, sababu mkubwa wake wa kazi iko nayo. Bibi yake akakataa, juu pesa ile ilikuwa ya masomo ya watoto. Shauri likafika kwangu. Nikatwaa karatasi, tukahesabu pamoja, kama yule mtu wa mnara katika Luka 14.

Sikia hesabu yenyewe. Maji ya boileri yanafika digri 60. Hakuna mtu wa kuoga maji ya namna ile, yatamchoma ngozi kwa sekunde chache tu. Unayachanganya na ya baridi mpaka digri 38 hivi. Kama maji ya robine ni digri 18, ndoo ya lita 15 inaomba lita 7 tu za moto. Watu sita wakioga kwa ndoo, ni lita 43. Basi boileri ya lita 50 inawatosha. Lakini kwa dushi, mtu mmoja anaweza kumaliza lita 40, na karibu lita 20 ni za moto. Hapo watu sita wanaomba lita 120.

Tena, angalia umeme. Kwa rezistansi ya kilowati 2, lita 50 zinapata moto kwa saa moja na robo. Lita 200 zinaomba karibu saa tano. Pahali umeme unakuja na kukatika, saa tano utazipata wapi?

Pima ukuta pia. Lita 200 ni kilo 200, bila kuhesabu chuma chake. Tofali za udongo hazitabeba. Na ile valvu ndogo ya chini inayodondosha maji, usiizibe hata siku moja, juu maji yakipata moto yanavimba.

Wale wa kambi walinunua ya lita 50, masomo yakalipwa.

Na wewe usiye na pesa ya boileri, usione haya. Chemsha maji yako kwa mbabula, lakini inje. Mbabula ndani ya chumba kilichofungwa inatoa hewa mbaya isiyo na harufu, inaua watu wakiwa katika usingizi.

Neno la mwisho ni kwako, kijana unayeoga wa kwanza. Ukimaliza maji yote ya moto, hata lita 200 ni kidogo. Kumbuka mdogo wako anayengojea mlangoni na taulo yake, akitetemeka. Upendo wa nyumbani unaanzia pale.

Bwana awabariki.