Baba Alikuwa Hai Kwenye Karatasi

 Ikiwa jina lako halimo kwenye orodha ya mikopo ya wanafunzi wa chuo, kaa kidogo na mie. Nimewahi kukaa hapo ulipo. Nnajua kuazima simu ya mtu, kuandika namba ya mtihani, kungoja mtandao uzunguke, kisha kuona hakuna kitu. Leo, alhamdulillahi, nafundisha kemia skuli ya sekondari hapa hapa Pemba. Lakini hadi leo nikiona majina yamebandikwa ukutani, hata kama ni ya zamu za walimu, vidole huniingia baridi.

Nimezaliwa Kiuyu Mbuyuni, wilaya ya Micheweni. Ukija kwetu wakati maji yametoka utawaona akina mama wameinama pwani, sketi zimefungwa magotini, wanafunga mwani kwenye kamba. Mmoja wao ni mama yangu. Baba alikuwa mvuvi. Alifariki mwaka 2007, kwa homa iliyomshika siku nne tu. Alikata roho asubuhi, na baada ya sala ya alasiri akazikwa. Ndivyo kwetu tulivyo, maiti haicheleweshwi. Aliyemwosha anajulikana, waliochimba kaburi wanajulikana. Kitu kimoja hakikufanywa: hakuna aliyekwenda kuandikisha kifo chake. Nani angelikumbuka? Kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba amekufa.

Mwaka 2019 nilimaliza kidato cha sita, nikapata nafasi ya chuo Dar es Salaam kusomea sayansi na ualimu. Ada ilipita milioni moja kwa mwaka. Mwani mkavu wakati ule ukiuzwa shilingi mia chache kwa kilo. Mama hakupiga hesabu mbele yangu. Alisema tu, "Mwanangu, Mungu akishafungua mlango wa kwanza hashindwi na wa pili. Omba mkopo."

Kwetu Zanzibar milango iko miwili. Iko Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, na iko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ile ya Muungano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mtu haruhusiwi kula kwenye sahani zote mbili. Mie niliomba ile ya Muungano. Nikalipa ada ya maombi, shilingi 30,000, ambayo mjomba aliitoa mfukoni bila kuuliza. Nikajaza fomu mtandaoni kwenye duka la kompyuta Wete, nikaichapa, nikampelekea sheha, mkuu wa shehia yetu, akatia saini na muhuri, nikatafuta wakili naye akatia wake.

Masharti niliyaona mepesi. Uwe Mtanzania, usizidi umri uliowekwa, uwe umepata nafasi kwenye chuo kinachotambuliwa, usiwe na mfadhili mwengine wala mshahara. Juu ya hayo uoneshe uhitaji wako: kama ni yatima, kama wewe au mzazi wako ana ulemavu, kama kaya yenu imo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Nilisoma pale kwenye yatima nikajiambia, huyu ni mie. Fomu ilitaka cheti cha kifo cha mzazi, kilichohakikiwa: kwa wa Bara ni wakala wa usajili wa huko, RITA, kwa sisi wa Visiwani ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Cheti sikuwa nacho. Nikaambatisha barua ya sheha inayosema baba amefariki. Nikaona inatosha. Sheha mwenyewe alikuwepo mazikoni.

Oktoba nikapanda boti Mkoani. Mama alinipa shilingi laki moja na nusu, dagaa wakavu na chupa ya achari ya ndimu. Alinishika kichwa akanisomea dua, kisha akageuka haraka ili nisimwone machozi.

Orodha ya kwanza ikatoka. Simo. Watu wakanituliza, wakasema ziko awamu nyengine. Ya pili ikatoka. Simo. Ya tatu nayo. Simo.

Chumba tulikaa wasichana wanne. Wenzangu watatu walipangiwa mkopo, nami kwa kuwasikiliza ndipo nilipojifunza fedha zile zinavyokwenda. Ada haipiti mkononi mwa mwanafunzi, Bodi huipeleka chuoni moja kwa moja. Kinachoingia kwenye akaunti yako ni fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, pamoja na ya vitabu na viandikwa. Mwaka ule ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku. Baadaye ikapandishwa hadi 10,000. Hailipwi kwa siku wala kwa mwezi. Hulipwa kwa mkupuo wa siku 60, kwa hiyo walipokea shilingi 510,000 kila mmoja. Na kabla ya kulipwa lazima usaini. Sisi tulikuta karatasi na kalamu, siku hizi wengi husaini kwa alama ya kidole. Asiyesaini kwa wakati, fedha yake hurudi Bodi, hata akiwa na njaa ya kufa.

Siku bumu lilipoingia chumba kilinuka kuku na chipsi. Wakanikaribisha. Nikasema, "Nimefunga." Ilikuwa Alhamisi, kwa hiyo haikuwa ajabu. Ijumaa nikasema nalipa deni la Ramadhani. Jumamosi tena.

Ndugu yangu, hapa ndipo panaponiuma hadi leo.

Sikuwa nimefunga. Sikuwa na kitu. Dagaa walikwisha. Ile laki na nusu ilikwenda kwenye kodi ya chumba. Nilikuwa nakunywa maji ya bomba. Usiku nikilamba achari kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo, chupa isikwishe. Nilimsingizia Mungu ibada ambayo sikuifanya. Nikisali natetemeka. Nikisujudu naona giza. Nasema, ya Rabbi, unajua kwamba nawadanganya.

Chuo kikatoa tangazo. Asiyelipa ada hapati kibali cha mtihani. Nililisoma mara tatu. Nikarudi chumbani, nikakunja nguo zangu, nikaweka begi mlangoni. Nauli sikuwa nayo. Nikakaa juu ya begi. Sikumpigia mama. Ningemwambia nini? Ametoka pwani, mikono imechanika kwa kamba. Nikakaa. Jua likazama. Adhana ikasikika. Sikuinuka. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kusikia adhana nikakaa. Nilifikiria mambo ambayo sitayaandika hapa.

Aliyeniinua hakuwa wa dini yangu wala wa kwetu. Ni mwenzangu wa chumbani, msichana wa Mbeya. Aliingia, akawasha taa, akaliona begi. Akakaa chini mbele yangu. Akasema, "Dada, hakuna mtu anayefunga siku kumi na moja halafu magharibi hafuturu." Alikuwa akihesabu. Siku zote hizo alikuwa akihesabu. Nikalia. Akapika ugali na mchicha, akaniweka sahani mapajani, hakusema neno jengine mpaka nikamaliza. Mungu amlipe. Kila mwezi wa Ramadhani namtaja kwenye dua yangu kwa jina lake.

Asubuhi alinishika mkono mpaka kwa afisa mikopo wa chuo. Miezi miwili nilikuwa nikiupita mlango ule kwa kuona haya. Afisa alinisikiliza, akanitaka nimfungulie maombi yangu kwenye mtandao, akayapitia polepole. Kisha akauliza, "Baba yako yuko wapi?"

Nikasema, "Amefariki, tokea mwaka 2007."

Akasema, "Humu hakuna cheti. Barua ya sheha haihesabiki kuwa cheti. Kwa karatasi hizi, baba yako yuko hai, ni mvuvi, na anakulea."

Nilihisi kama nimefiwa upya. Miaka kumi na mbili tunasoma hitima, na kumbe kwenye karatasi baba yu hai. Na lilikuwepo jengine. Cheti changu cha kuzaliwa kimeandika jina la baba kwa K: Khamis. Cheti cha kidato cha nne kimeandika Hamis. Herufi moja. Kwetu ni jina lile lile, mtu mmoja. Kompyuta huona watu wawili.

Akaniambia dirisha la rufaa litafunguliwa karibuni, na kwamba rufaa si kuomba huruma. Ni kuleta waraka uliokosekana. Maneno yale niliyaandika kwenye jalada la daftari.

Ndipo nikampigia mama. Nikamwambia yote, pamoja na njaa. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Ulinificha kwa nini? Mie ni mama wa nani?" Hakungoja jibu. Siku ya pili hakwenda pwani. Alivaa buibui lake la sikukuu, akaenda kwa sheha, akamchukua mzee aliyemwosha baba, wakapanda gari kwenda kwenye ofisi ya usajili. Kuandikisha kifo kilichopita miaka mingi kunataka mashahidi, na kunataka mke asimulie: siku gani, saa ngapi, aliumwa nini. Mama alisimulia yote mbele ya dawati. Baadaye aliniambia kwamba hajapata kuisimulia siku ile kwa mtu yeyote, hata kwetu sisi watoto. Alikwenda mara tatu mpaka cheti kikatoka na kuhakikiwa.

Msimu wa karafuu ulikuwa umeanza. Mjomba ana mikarafuu michache aliyorithi. Alianika, akapeleka kwenye kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, wakati ule kilo ya daraja la kwanza ikiwa shilingi 14,000, na fedha ya kilo kumi akanitumia kwa simu. Kwa fedha ile nilikula, na nikamlipa wakili aliyeniandikia hati ya kiapo kwamba Khamis na Hamis ni mtu mmoja.

Nikakata rufaa. Nikangoja. Siku zile sikulala vizuri, wala sijui nizieleze vipi.

Majibu yalipotoka nilikuwa maktaba. Yule wa Mbeya ndiye aliyeshika simu, maana mie niliziba macho. Akanipigapiga begani. Nilipangiwa chakula na malazi kwa ukamilifu, vitabu, na sehemu ya ada. Sehemu iliyobaki ilibebwa na mikarafuu ya mjomba kwa miaka mitatu. Nikaenda msalani, nikatia udhu, nikasali rakaa mbili za shukrani. Siku ya pili nikafunga. Mara hii kwa kweli.

Safari iliyobaki ilikuwa na vituo vyake. Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa ajili ya korona, tukarudi nyumbani mpaka Juni. Na kila mwaka nilijifunza kwamba mkopo haujiendeshi wenyewe: chuo lazima kipeleke matokeo yako Bodi ionekane umefaulu kuingia mwaka unaofuata, na ukirudia mwaka unaweza kusimamishiwa. Mwaka wa pili nilipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya fizikia. Niliisoma kama mtu anayefukuzwa. Nikaifaulu.

Nakwambia pia jambo ambalo wengi hulisahau wanaposaini: ile si sadaka, ni deni. Baada ya kumaliza unapewa miezi 24, kisha unaanza kurejesha, na ukiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Zamani deni lilikuwa likipanda kwa asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha, na aliyechelewa akitozwa adhabu ya asilimia 10. Vyote viwili viliondolewa mwaka 2021. Makato yananiuma, sikatai. Lakini mama kila mwisho wa mwezi huniuliza, "Washakata?" Nikimwambia ndiyo, husema, "Alhamdulillahi, na mwengine apate."

Wiki iliyopita, baada ya magharibi, alikuja binti wa jirani. Amemaliza kidato cha sita, naye hana baba. Bahasha aliishika kifuani kwa mikono miwili. Nilimwuliza kwanza kama amekula. Kisha tukatandika mkeka barazani, tukapanga vyeti kimoja kimoja chini ya taa: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kifo cha baba yake. Moyo ulikuwa ukinidunda kama siku ile ya maktaba. Nikaweka kidole juu ya jina la kwanza, nikaanza kusoma kwa sauti, herufi baada ya herufi, naye akifuatisha kwenye cheti cha pili.