Mtihani Unaoifukuza Mashine

Aghalabu hudhaniwa kuwa mtihani hupima maarifa yaliyopo. Ukweli ni kwamba hupima maarifa yaliyokuwapo siku mtaala wake ulipoandikwa, na baina ya siku hiyo na siku mtahiniwa anapoketi kuujibu, ulimwengu huwa haukusimama kumngoja. Mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya analifahamu jambo hili. Chozi la Heri ya Assumpta Matei ilipoipisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi katika orodha ya vitabu teule, nakala zilizokuwa zikirithishwa kutoka kwa kaka hadi kwa mdogo wake zilipoteza thamani dukani. Hata hivyo, riwaya iliyoondolewa bado yasomeka na bado yafunza. Katika fani ya tarakilishi hali ni ngumu zaidi, maana programu ikiondoka, huondoka na amri zake.

(Neno tarakilishi limetumiwa hapa kwa ukaidi kidogo. Wapo wanaosema kompyuta, wapo wanaoshikilia ngamizi, na ugomvi huo hauna dalili ya kwisha.)

Mashine yenye mfumo wa Linux inapowashwa, ipo programu moja inayotangulia kuamka, ikapewa nambari 1, kisha ikaziamsha nyingine zote. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na SysV init, iliyofuata desturi ya Unix System V ya mwaka 1983. Ilisoma maagizo katika faili iitwayo /etc/inittab, ikaangalia kiwango cha uendeshaji kilichotakiwa baina ya 0 na 6, kisha ikaendesha hati za uanzishaji moja baada ya nyingine kwa kufuata nambari zilizo katika majina yake. Mwaka 2006 Ubuntu ilileta Upstart. Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers wakaitangaza systemd, na mwaka uliofuata Fedora 15 ikaikubali. Debian haikuipokea kwa urahisi: mnamo Februari 2014 kura za kamati yake ya ufundi zililingana, mwenyekiti akaamua kwa kura yake ya turufu.

Tofauti ya mbinu hizi yaweza kuonekana bila tarakilishi yoyote, katika kiwanda cha chai cha Nyansiongo, kando ya barabara itokayo Keroka kuelekea Sotik. Majani hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa yageuke rangi, kisha hukaushwa. Hapana awezaye kukausha kabla ya kukata. Lakini hapana sababu ya kungoja majani yanyauke ndipo kuni zitiwe motoni. Boila yaweza kupashwa moto wakati uo huo. SysV init ni kama msimamizi anayetaka kila kazi imalizike ndipo nyingine ianze. systemd huuliza ni kazi ipi inayoitegemea ipi, na zisizotegemeana huzianzisha kwa pamoja.

Katika mji huo huo alikuwapo kijana aliyemaliza kidato cha nne na kujifunza Linux peke yake, kwa mashine iliyotumika na kitabu kilichotumika, vyote kutoka Nairobi. Ada ya mtihani wa LPIC-1, unaotolewa na taasisi ya Linux Professional Institute iliyoanzishwa mwaka 1999, ilitarajiwa kutoka katika bonasi ya chai ya mama yake, ile ilipwayo mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo nafasi ilikuwa moja. Mwaka 2015 alisakinisha Debian 8, iliyotoka Aprili mwaka huo. Akaitafuta /etc/inittab aliyokuwa ameikariri mstari kwa mstari, asiione. Alidhani diski ilikuwa mbovu. Akasakinisha upya mara mbili.

Mwaka uo huo toleo la 4.0 la mtihani lilikuwa limetoka, likimtaka mtahiniwa aielewe SysV init pamoja na systemd, na aijue Upstart kwa uchache. Mama alipoelezwa, aliuliza swali moja tu: “Kwani mtihani wenyewe umehama?”

Ni rahisi kuwalaumu watunzi. Lakini wangefanyaje? Kuendelea kutahini inittab pekee kungekuwa kumpa mtu cheti cha kuendesha mashine ambazo hazinunuliwi tena. Kuifuta kabisa kungekuwa kosa vilevile, kwa sababu seva hazibadilishwi kama kalenda. Red Hat Enterprise Linux 6, iliyoamka kwa Upstart, iliendelea kupata matunzo ya kawaida hadi Novemba 2020. Ndiyo maana hata toleo la 5.0 la mwaka 2018 halikuyaacha majina ya zamani. Mzigo ukawa maradufu, na ulikuwa mzigo wa haki.

Kisicho cha haki ni namna mzigo huo unavyogawanywa. Anayeishi karibu na maktaba kubwa na intaneti ya kasi husikia habari za mabadiliko mapema. Anayetegemea kitabu cha mtumba huzisikia akishalipa. Cheti chenyewe huhesabiwa kuwa hai kwa miaka 5, na baada ya hapo ada hutafutwa tena. Kuandika upya maswali ni nusu ya kazi ya kuusasisha mtihani. Nusu ya pili, ambayo husahaulika, ni kuhakikisha kuwa orodha ya yanayotahiniwa inafika Nyansiongo kabla ya bonasi.

Kijana aliahirisha kwa msimu mmoja. Kitabu hakukitupa. Kando ya kila amri ya zamani aliandika kwa kalamu amri mpya ya systemctl inayofanya kazi ile ile, na palipokosekana inayolingana akaacha mstari mtupu. Siku ya kusafiri kwenda Nairobi kuufanya mtihani, alikiacha kwa mtoto wa jirani.